Pindo la Asili

Mjukuu wangu Yaretzi ameingia na mfuko wa nailoni,
akaumwaga juu ya meza ya kukatia:
jinzi ya buluu iliyokolea, imeshika paja,
imeshuka sawa mpaka gotini,
halafu ikafunguka kidogo, kama mtu
aliyetaka kusema jambo akaghairi.
"Bibi, zimerudi."

Zimerudi. Utadhani zilikwenda kuchota maji.

Hili si bugaluu, namwambia.
Bugaluu lilifagia barabara,
lilitangulia mlangoni, mwenyewe akafuata.
Hii ni ya buti. Chini imepanuka
kiasi cha kumeza shingo ya buti na kunyamaza,
vidole viwili kuzidi goti, basi.
Najua. Miaka kumi na tisa
nilishona pindo la mguu wa kulia.
La kushoto lilikuwa la Eulalia Montes.

Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya reli, hapa hapa El Paso,
madirisha yamepakwa rangi tusiuone mlima.
Jinzi mia tisa kwa zamu.
Vumbi la buluu puani, kwenye mkate,
na Jumapili kanisani ukipenga kamasi
leso inakuumbua.
Sisemi jinzi za kubana ndizo zilizotufukuza kazi.
Kiwanda kilihama kabla yao, siku ya Jumatano,
tukaachiwa kila mmoja mkasi wake.
Zile za kubana zilikuja baadaye,
za kuvaliwa ukiwa umelala chali
na kuvuliwa kwa msaada wa jirani.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Kata hapa," anasema Yaretzi, pekupeku, juu ya stuli.

Nani kakuambia suruali hupimwa kwa miguu mitupu?
Vaa kwanza buti utakazotembea nazo.
Simama kama unasubiri basi,
usisimame kama unapigwa picha.
Mbele, pindo lilalie mgongo wa buti.
Nyuma, lifunike kisigino,
libakize upana wa kidole lisilambe lami.
Na juu usijaze nguo! Fulana nyeupe, ichomekee.
Mkanda wa babu yako, ule wenye tundu
alilotoboa kwa msumari alipoanza kukonda.
Koti liishie kiunoni.
Ukivaa shati refu na pana juu ya hii
utafanana na hema lililohamwa.

Anataka kuivaa na raba.
Sawa, ila ziwe za soli nene,
la sivyo kitambaa kitakunywa mvua mpaka magotini.
"Mvua gani, Bibi? Hapa El Paso?"
Hapo kanishinda.

Nageuza kiuno, natafuta lebo:
nchi nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani.
Nageuza mguu wa kulia.
Uzi wa rangi ya chungwa, mshono wa mnyororo,
umeanza vizuri, umekwenda vizuri,
na karibu na mwisho umeteleza nusu milimita.
Saa tisa alasiri, nasema moyoni.
Mkono huu ulikuwa umechoka, na msimamizi
alikuwa amesimama nyuma yake.

Za kupunguza ni sentimita sita.
Njia nyepesi ni kukata, kukunja, kupiga cherehani.
Dakika kumi, ukarudi kwenye chai yako.
Mimi nakata juu ya pindo,
natoa kipande cha katikati,
kisha nalirudisha pindo lile lile mahali pake
na mikunjo yake iliyopauka,
na kosa lake la nusu milimita.

"Kwani kuna tofauti?"
Pini zimo mdomoni, sijibu.

Jioni anashuka ngazi kwenda kwa wenziwe.
Mezani zimebaki pete mbili za buluu
zisizomfaa mtu.
Nasikiliza kitambaa kikigonga buti:
la kulia,
halafu la Eulalia.