Safu ya Mtoaji

Siku ya tisa baada ya kimbunga
maboksi yalifika kabla ya maji ya kunywa.
Tuliyapanga chini ya goli la mpira wa kikapu,
maana ukumbi wa michezo ndio pekee uliobaki na paa
upande wetu wa mashariki ya Samar.

Mimi mfamasia. Duka langu liko baharini,
na kaunta yake, na kengele ya mlangoni.
Nikapewa kisu, kalamu na daftari la safu nne:
dawa, idadi, mwisho wa matumizi, mtoaji.

Ukweli usemwe: watu wana huruma,
na huruma haisomi lebo.
Makoti ya manyoya. Dawa ya kikohozi iliyoganda ikawa sukari.
Vidonge vya kupunguza unene, katoni tatu,
kwa watu wanaogawana kopo moja la sadini.

Ingunn, daktari wa hema la bluu,
aliyetumia likizo yake yote ya mwaka kuja kwetu,
alisema: choma vilivyopita muda, choma vilivyofunguliwa.
Kanuni hiyo naiheshimu.
Nimewahi kuona msaada ukizika mtu.

Boksi la arobaini na moja, katikati ya soksi:
chupa ya kahawia, imefunguliwa.
Lugha yake siijui, ila dawa haina kabila.
Furosemaidi. Miligramu arobaini. Vidonge thelathini,
kimoja kila asubuhi. W. Hoekstra.
Tarehe tatu Agosti.

Nikavimwaga kiganjani. Kumi na tisa.

Mtu haachi dawa ya moyo siku ya kumi na moja
kwa sababu amepona.

Nikamwona mjane, au binti, sijui,
akisafisha droo ya kando ya kitanda.
Soksi amezifua, amezikunja mbilimbili.
Chupa ameishika, ameirudisha, ameishika tena.
Kisha akaandika juu ya boksi jina la kisiwa chetu
na akakosea herufi moja.

Nyuma ya pazia alikuwepo Tatay Teodulo, fundi wa mapaa,
usiku wa nne analala ameketi.
Ukimbonyeza mguu, kidole kinaacha shimo.
Kifua kinatokota kama sufuria iliyosahaulika.
Dawa yake ilikuwa kwenye boti, na boti ni Alhamisi.
Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Wanasema kutoa ni moyo.
Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote
na sikuwahi kulisikia kama mfamasia.

Nikampelekea Ingunn chupa. Hakusema ndiyo.
Alikigeuza kidonge kwenye mwanga wa tochi,
akasoma namba iliyochongwa mgongoni,
akasikiliza kule nyuma ya pazia kwa muda,
halafu akaniuliza bomba la kunawia mikono liko wapi,
yeye aliyelifunga bomba lile kwa mikono yake.

Nikahesabu viwili.

Alfajiri Teodulo alijaza ndoo.
Akalala chali, akakoroma hadi watoto wakacheka,
na mkewe Pilar akazunguka ukumbi mzima
akitafuta nani wa kumshukuru.
Alimshukuru padri, akamshukuru dereva wa lori.

Boti ilifika Jumamosi.
Saba vilivyobaki nilivichoma, kama kanuni inavyotaka,
nikasimama karibu na moshi kuliko ilivyonipasa.

Ingunn alishaondoka, kaniachia viatu vyake vya mvua,
vinanipwaya,
alipokuja mkaguzi mwenye fulana ya nembo.
Kijana mpole. Alipitisha rula mstari kwa mstari,
akakwama kwenye safu ya nne.

"Shirika gani hili, Hoekstra? Kwenye orodha yangu halimo."

"Ni dogo," nikamwambia.
"Lilifungwa Agosti."