Upana wa Ukucha

Katoni ilikuwa ya tende za Samail,
juu mwandiko wa Mama, kalamu ya wino mzito: USIGUSE.
Tukaigusa. Arubaini ilishapita,
na nyumba ya Al Khudh ilishapata mpangaji.

Sahani mia na kitu. Si za pilau,
hizi hula mwanga.
Nikazitandaza zuliani kwa rangi za migongo,
kama mtu anayechagua mchele.

Za fedha tupu ni za kiwandani,
vishimo vyake vimegongwa kwa muhuri kama sarafu.
Zitatuzika sote, na hamna letu hata neno:
kamusi, kasida za kununua,
mchezo wa magari wa kaka Hilali.

Za kijani Mama alizichoma mwenyewe.
Huchomwa mara moja, kama chanjo.
Moja aliisahau nyuma ya kioo cha gari,
Agosti, nje ya soko la Mawaleh,
jua nalo likachoma juu ya kuchoma.
Ndimo ilimokuwa harusi ya Zamzam.
Sasa kuna bibi harusi mpaka shingoni,
kisha vijisanduku,
vijisanduku.

Kuna dividii ya tabaka mbili:
leza huisoma ya juu, kisha huipenya
bila kuikwaruza, ikasoma ya chini.
Mama naye ndivyo alivyokuwa.
Juu Kiarabu cha jirani na cha benki,
chini Kiswahili cha kutukaripia.

Iliyobaki ni ile ya kijivu, inayofutika.
Sauti ya Bibi ilikuwa humo, saa nzima,
mpaka Hilali alipoiwekea fainali ya Kombe la Ghuba.
“Sikujua,” alisema siku ile.
“Sikujua,” amesema tena leo, na mvi zake.

Nikaipeleka Ruwi, kwa Koya,
ghorofa ya pili juu ya duka la miwani,
maana kompyuta za siku hizi hazina mdomo.
Akaiosha kwa sabuni ya vyombo.
Akaifuta kutoka katikati kwenda nje,
kamwe si kwa kuzunguka.
“Hakufutwa,” akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni,
“amefutiwa anwani tu.”
Mpira uliandikwa kuanzia katikati,
filimbi ya mwisho ikalia kabla ya ukingo.
Ukingoni palibaki upana wa ukucha.

Sekunde arubaini na moja.
Feni inakoroma. Kijiko kinagonga kikombe.
Halafu yeye, kwa sauti ya mtu aliyeshtukizwa:
“We Thuwaiba, zima hiko kitu!
Kanga yenyewe sijaipiga pasi.”

Koya aliinamisha kichwa, viganja wazi.
“Anaomba dua?” akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.