Siku ya Tano, Maji Matupu

Saa tisa za usiku, maabara ya Huntington.
Tunawasha taa nyekundu, maana panya hawaioni,
wao hudhani ni giza.
Nawapima mmoja mmoja kwenye bakuli la mizani:
doti ya kijani mkiani, jike, wiki tano tangu azaliwe;
doti ya bluu, dume, umri ule ule.
Wenye mistari ni wazee. Hao wananuna nikiwashika,
wanazijua glavu zangu.

Mofini ni ile ile. Mkono ni mmoja, wangu.
Siku ya kwanza dume mzee alilala
kidevu juu ya ukingo wa sahani, kama mlinzi wa zamu.
Siku ya tatu jike mchanga alizunguka,
akazunguka kizimba, akazunguka,
mashine ikahesabu mia nne, mia saba, elfu na ushei,
nami nikaandika. Dakta Haldorsen anataka namba.
Kwa nini, anasema, itakuja baadaye.

Kwetu bondeni kichupa kimoja kilitosha watu wawili.
Goti la Wendell lilipondwa na toroli la makaa;
Geneva alipasuliwa kumzaa Tressie.
Wendell akimeza, alilala mbele ya runinga mdomo wazi,
tukamfunika blanketi: maskini, mgodi umemmaliza.
Geneva akimeza, alisugua jiko usiku wa manane,
akang'oa mapazia, akafua, akaanika kwenye theluji,
akicheka peke yake.
Tukasema, mama gani huyu.
Hakuna aliyemfunika kitu.

Leo siku ya tano. Dozi: hakuna.
Maji ya chumvi tu, tuone mwili unakumbuka nini.
Dume mzee ananusa, anajikuna, basi.
Jike mchanga,
sindano haijatoka vizuri,
keshaanza kuzunguka.
Kwa maji. Kwa maji matupu!

Kalamu imenisimama mkononi.
Jumapili iliyopita, jikoni kwa mama,
Geneva alikuwa anamenya viazi,
miezi kumi na minane hajagusa kitu.
Mama akachukua kichupa chake cha vitamini,
kifuniko kimekwama, akakitikisa,
akakitikisa tena.
Kisu kikadondoka.
Geneva alikuwa ameshasimama, mguu mmoja mbele,
hajui anakwenda wapi.

Wendell, kitini pake, hakugeuka.
Aliuliza tu viazi vimefika wapi.