Baki Thelathini na Tano

Januari, mjini Kuldiga, mto Venta umeganda
hadi kwenye maporomoko; maji yamenyamaza wima.
Skaidrite, aliyekuwa mhasibu wa ushirika wa maziwa,
anachonga penseli kwa kisu cha jibini
na kuiandika juu ya ukurasa, tarakimu kumi:
2147483647.

Ni witiri, basi mbili ikaagwa mlangoni.
Jumlisha tarakimu zake, arobaini na sita:
tatu nayo ikarudi mikono mitupu.
Tano haikuthubutu hata kubisha.

Angeweza kuwaita wote hadi kwenye kipeuo,
elfu nne na mia saba na ushei,
lakini hesabu ina adabu zake. Atakayeigawa hii
sharti yeye mwenyewe, ukimgawa kwa sitini na mbili,
abakishe moja. Sheria ya pili ikawachekecha tena,
wakasalia themanini na wanne.
Wa kwanza, mia tatu kumi na moja.

Kagawa. Kashusha, katoa, kashusha tena,
ngazi ya hesabu ikateremka hadi ukingo wa karatasi.
Baki: thelathini na tano.

"Kompyuta hujibu kabla hujapepesa," akasema Arvids,
aliyeleta kuni na theluji ya viatu vyake.
"Hujibu. Na jibu nalijua tangu shule.
Nataka kuiona ikikataa."

Mimi, mpangaji wa chumba cha juu, nikainamia chai yangu,
kwa kuwa lugha yangu namba hii huiita tasa,
neno tunalomtupia pia mwanamke
ambaye mlangoni pake hapana kiatu kidogo.
Sikumtafsiria. Kwao huitwa namba ya kwanza.

Mashine, isiyojua ila sufuri na moja,
huiandika moja, moja, moja, mara thelathini na moja,
(na thelathini na moja nayo haigawanyiki),
ua wa miti usio na pengo.
Ongeza moja tu, ua wote chini.

Februari ikayoyoma. Wa sabini na tisa: baki.
Wa themanini: baki. Usiku barafu ya Venta ilipasuka kwa kishindo.
Kwa wa themanini na tatu alikosea,
akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ilipokwisha hakushangilia. Alizidisha mbili thelathini,
akazizidisha kwa ile iliyokataa wote,
kikazaliwa kitu cha tarakimu kumi na tisa
ambacho vigawanyo vyake, chenyewe ukikiweka kando,
ukivijumlisha hukirudisha kilekile,
hakikupungua, hakikuzidi.

Akanisogezea daftari.
"Na hii, kwenu mnaiitaje?"
Timilifu, nikasema.
Akaniomba nitamke tena, polepole,
akaliandika pembeni,
akaacha herufi moja.