Kiroba

Mara ya kwanza vilikuwa vinne.
Nikavitia kwenye kiroba, nikashika njia ya Mkunya,
nikavimwaga chini ya mikorosho ya watu.
Nikajiambia: panya wamejaa, vitaishi.
Sikugeuka nyuma.

Mara ya pili vitano. Mara ya tatu sikuhesabu.
Mara ya nne Ming'oko mwenyewe alinifuata,
chuchu zimevimba, zinaburura vumbi,
na hakulia. Paka akilia unamkemea.
Akinyamaza, unamwambia nini?

Ndipo Jumatano hii, ghala la ushirika likiwa tupu,
Daktari Perpetua Chilumba akatandika meza
pale inapokaa mizani ya korosho.
Tukapanga foleni: mbwa kwa kamba za katani,
paka kwenye matenga, mmoja kwenye ndoo
yenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari.
Mzee Nampoto alileta mbwa wake wa lindo.
Aliposikia madume nao wanahasiwa
alivua kofia, taratibu, akaiweka mapajani.
Tulicheka mpaka daktari akatutoa nje.

"Unamfungaje kizazi kiumbe asiyesema?"
Somoe alinishika bega. Swali zuri.
Mimi nilifunga Ndanda, baada ya wa saba.
Nilikuwa nasema, na hakuna aliyenisikia
kuanzia wa nne.

Baadaye daktari alinionyesha kwenye sahani:
vitu viwili, vidogo kuliko punje za choroko,
vimeshikwa na uzi mwekundu.
Vipaka vyote vya miaka yote iliyobaki.
Viroba vyote.

Nikamfunika kwa kiroba kile kile;
upepo wa Newala hauna huruma na tumbo lililonyolewa.
Usiku aliamka, akayumba kama aliyeshinda kwenye uraka,
akaenda kunusa pembe anakozalia,
akazunguka mara mbili, akalala.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo.

Shambani, juu ya kichuguu, yuko paka mwembamba
wa rangi ile ile, ya ming'oko iliyochimbuliwa sasa hivi,
na tumbo limeanza kushuka.
Ananijua. Au anajua mkono na harufu ya gunia.
Leo siku ya tatu naweka dagaa ndani ya tenga,
nakaa mbali, najifanya napalilia.
Anafika mpaka mdomoni mwa tenga, ananusa,
anaondoka hatua chache,
kisha anageuka nyuma.