Kibanda cha Ukingoni, Newala

Pembe moja imekatika, mende ameionja.
Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa baba:
"Chai tatu, mihogo miwili. Hajalipa."
Ndivyo picha hii ilivyoingia kwetu.
Mpigapicha Nandonde alipekua mifuko, hana senti,
akaacha karatasi.

Nguzo nne zilizopinda, ukuta wa mabua,
paa limekaa upande kama kofia ya mlevi.
Kwenye ubao, kwa mkaa: PUMZIKA HAPA,
na ile Z imeandikwa kinyume.
Dereva Chipojola amekanyaga bampa la Bedfodi
kana kwamba lori ni lake na korosho ni zake.
Utingo hakutulia, ana nyuso mbili.
Baba ameshika birika juu juu,
anamimina, ila macho yako kwa kamera;
chai inakwenda inakojua.

Wote wamelipa kisogo Shimo la Mungu.
Hicho tu ndicho walicholipa siku ile.
Nalo Shimo halikutokea:
jua la saa sita limelifuta lote,
makorongo, msitu, Ruvuma kule chini, Msumbiji ng'ambo.
Nyuma ya kibanda ni weupe mtupu.
Mgeni angedhani dunia imeishia hapo
na watu wanasubiri kubebwa kurudi.

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza mama:
mbona wewe humo?
Somoe binti Mchopa akapangusa kidole kwenye kanga,
akakiweka katikati ya weupe.
"Nimo. Hapa.
Nimetoka kisimani alfajiri, debe limejaa,
niko kona ya tatu, napanda.
Chai wanayojivunia hao
imeshuka kichwani mwangu."
Akarudi kuchambua mchicha.

Leo bomba limefika Newala, linatoa maji kwa zamu
na siku nyingine linatoa upepo.
Mama tulimzika mwaka wa mvua nyingi,
kaburi likajaa maji kabla yake,
wanaume wakachota kwa ndoo, hakuna aliyecheka.

Picha inazidi kufifia.
Weupe umetoka bondeni, umekula mabua,
umemmeza utingo na nyuso zake zote mbili,
sasa unagusa kiwiko cha baba.
Wanangu wanasema tuipeleke mjini ikasafishwe.
Nawaambia iacheni.
Nahesabu kona:
ya nne hiyo,
ya tano,
na birika limekaribia kwisha.