Kopo Lenye Pamba

Kwetu Igogo juu hakufiki gari.
Kuna mawe, na kati ya mawe ngazi za kuokoteza.
Nilimbeba Nyamizi mgongoni saa nane za usiku,
kichwa chake begani kwangu kizito kama ndoo iliyojaa,
akilalamika kuwa taa inamchoma,
na taa haikuwapo.

Chini barabarani bodaboda mmoja alikuwa macho.
Akatupakia mshikaki, mgonjwa katikati.
Hakuuliza anaumwa nini.
Aliuliza tu, "Anapumua?"
Usiku ule sikuulizwa swali jema kuliko hilo.

Chumba cha dharura kina mwanga usiojua aibu.
Mzee anakohoa ndani ya kofia yake.
Kijana wa mwaloni, miguu bado ina magamba ya sato,
amekumbatia ndoo asiyoitapikia.
Wote tunatazama ukuta, kana kwamba umeandikwa kitu.

Nesi Kokubanza ana kalamu iliyofungwa uzi mezani.
Jina. Umri. Mtaa. Kichwa kimeanza lini.
Kisha, bila kushusha sauti wala kuipandisha:
"Ana dawa anazotumia kila siku?"
Nikasema hana.
Nilisema upesi, kama mtu anayerudishia mlango.
Miaka kumi na mmoja tunakula sufuria moja na dada yangu,
ningejua.

"Mkoba huu ni wake?"
Kitana. Tiketi za kivuko cha Kamanga, kuukuu, zimekunjwa nne nne.
Hesabu za dagaa nyuma ya boksi la sigara.
Na chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto,
kopo jeupe.
Nesi akalitikisa.
Halikulia.
Akafungua: pamba.

Nilikaa sakafuni pale pale.
Maana pamba ile naijua kazi yake.
Najua unavyoichambua kidogo kidogo
na kuishindilia, mpaka vidonge vinyamaze
ukipita nacho sebuleni.
Yangu iko nyuma ya redio, mwaka wa sita sasa.

Kumbe alivuka maji kwenda kliniki ya Sengerema
nisimwone mimi.
Na mimi napanda gari la Magu
asinione yeye.
Jioni tukirudi tunaulizana habari za safari,
kila mtu anajibu, biashara ngumu.

Karatasi ya kopo inasema Februari. Leo Mei inaisha,
na vidonge bado nusu.
Masika yote dagaa wake walimwozea mchangani,
jua likagoma, nauli ikaliwa na unga.
Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua.
Methali ile ina haraka.
Haiulizi kivuko ni shilingi ngapi.
Haiulizi unamficha nani,
na kama naye hakufichi.

Daktari kijana akaja na sindano ndefu.
Maji ya uti wa mgongo, alisema, lazima yapimwe sasa.
Akanitaka nimkunje kama mtoto aliye tumboni,
magoti kifuani, nimshike hivyo asitikisike.
Nikamshika.
Yalitoka kwa kasi, kama yalikuwa yakingoja mlango.
Maangavu. Nilidhani yatakuwa machafu.

Nesi alikuwa ameniona nilivyokaa chini.
Akavuta fomu nyingine, akairudisha,
akaja hadi kitandani bila karatasi.
"Na wewe, kaka? Una dawa za kila siku?"

Nilijibu.
Mzee wa kofia aliacha kukohoa.

Sasa kumekucha, korongo wametua juu ya paa la jikoni,
ziwa kule chini limeanza kuwa na rangi.
Nyamizi hajafumbua macho. Dripu inadondoka.
Majibu, wamesema, saa nne.
Pamba nimeitia mfukoni.
Kila baada ya muda nalisogeza kopo sikioni kwake,
nalitikisa, polepole,
lilie.